Mazungumzo Kuhusu Ugonjwa wa Kutupa Mimba kwa Mifugo



Ng'ombe au mbuzi anapotupa mimba, husemwa kwanza kuwa amepigwa pembe au amekula majani mabaya. Huenda ikawa kweli. Lakini mimba ikiharibika katika miezi ya mwisho, tena kwa wanyama wawili au watatu mfululizo, haifai kuridhika na maelezo hayo, kwani hiyo ndiyo dalili kuu ya ugonjwa wa brusela, ambao humpata binadamu pia.

Mtu aliyeambukizwa hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi la usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Kwa kuwa hali hiyo hufanana na malaria, wapo wanaomeza dawa za malaria mara kwa mara pasina nafuu. Mfugaji mwenye homa ya namna hiyo amweleze daktari kuwa anafuga. Tiba ipo, nayo ni dawa mbili kwa pamoja kwa muda wa wiki sita. Anayeziacha njiani kwa kuona nafuu huweza kurejewa.

Kisiwa cha Malta kilisumbuliwa mno na homa hiyo, hata ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alikigundua kijidudu chake, lakini njia ya maambukizo haikujulikana hadi mwaka 1905, pale Themistocles Zammit, daktari mzalendo wa Malta, alipopima damu ya mbuzi. Mbuzi hao walikuwa wazima kwa kuwatazama, wakikamuliwa milangoni mwa watu. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua ghafla kambini. Raia waliendelea kuyanywa mabichi, nao wakaendelea kuugua kwa miaka mingi. Kuyapasha maziwa moto kwa amri mjini Valletta kulikuja mwaka 1938.

Kwa hiyo maziwa yachemshwe hadi yapande, yawe ya kunywa au ya kugandisha. Mtindi wa maziwa mabichi, pamoja na utamu wake, hauna dhamana.

Mimba iliyotupwa na kondo lake visishikwe kwa mikono mitupu, wala visiachiwe mbwa. Vifukiwe katika shimo refu, na Sheha au Afisa Mifugo apewe habari. Mnyama mgeni, hasa aliyevushwa kwa jahazi, atengwe hadi apimwe damu. Aliyethibitika kuugua hatibiwi. Huchinjwa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Hasara hiyo ni nzito kwa mwenye ng'ombe mmoja, lakini kumuuza kwa jirani ni kumhamishia balaa.

Chanjo ipo kwa ndama na mbuzi. Imetengenezwa kwa vijidudu hai, na sindano ikimchoma mtu humwambukiza. Ndiyo maana huachiwa wataalamu peke yao.