Haki ya Aliye Mlangoni mwa Mto

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo twapenda kusema nanyi juu ya mto ulio mbali nasi, nao ni mto Murray wa Australia. Pengine mtauliza, watu wa kisiwani wana haja gani na mto wa Australia? Haja yetu ni kuwa Australia ni dola ya shirikisho, na katika kila shirikisho hapana budi kuulizwa: nani mwenye kauli juu ya kitu kisichojua mpaka?

Mto huo, pamoja na mwenziwe Darling, hukusanya maji ya eneo lipatalo sehemu moja katika saba ya Australia nzima. Maji hutoka Queensland, New South Wales na Victoria, na huishia baharini katika jimbo la South Australia. Basi jimbo hilo la mwisho, ambalo mji wake mkuu Adelaide hunywa maji ya Murray, hupata kile walichobakisha walio juu. Na Katiba ya 1901, katika kifungu cha 100, iliikataza Serikali ya Shirikisho kuyapunguzia majimbo haki ya kuyatumia maji ya mito kwa kiasi cha haki. Lakini kiasi cha haki ni kipi? Katiba haikusema.

Mwaka 1914 Serikali ya Shirikisho na majimbo matatu zilitia saini mkataba, na 1917 ikaanza kazi Kamisheni ya mto. Tazameni walivyoifunga mikono! Maamuzi yake yalihitaji ridhaa ya wajumbe wote. Mmoja akisema la, shauri limelala. Queensland haikuwamo kabisa. Wenyeji wa asili, Wangarrindjeri walio mlangoni mwa mto tangu zama, hawakuitwa wala hawakuulizwa. Na Kamisheni ilipewa kazi ya kugawa maji. Uzima wa mto wenyewe haukuwa shauri lake. Mashamba yakazidi, mwaka 1981 mlango wa mto ukazibwa na mchanga, na mwaka 1991 mwani wenye sumu ukatanda katika Darling kwa urefu wa kilomita 1,000 hivi.

Hata hivyo South Australia ilikuwa na ngao moja, nayo ni tarakimu. Mkataba umeiandikia lita bilioni 1,850 kwa mwaka, isipokuwa miaka ya ukame mkali. Walio juu hununa, lakini hulipa.

Sasa linganisheni na yaliyofuata. Kwa sheria ya 2007, na baada ya majimbo kukabidhi baadhi ya mamlaka yao mwaka 2008, ikasimamishwa Mamlaka moja ya bonde zima. Mpango wake wa 2012 uliamuru lita bilioni 2,750 zirudishwe mtoni kutoka mashambani. South Australia ikadai zaidi, ikaahidiwa lita bilioni 450 za nyongeza kufikia 2024. Mwaka 2018 mawaziri wakaongeza sharti kwamba maji hayo yasipatikane kwa kuidhuru biashara ya miji ya mashamba. Twauliza, ni maji gani yatolewayo shambani yasimguse mtu yeyote? Sharti hilo lilikuwa kufuli, na ufunguo wake walikaa nao walio juu.

Jimbo liliunda Tume yake ya uchunguzi. Serikali ya Shirikisho ikaenda Mahkama Kuu kuwazuia watumishi wake wasihojiwe, nao hawakutoa ushahidi. Tume ilipotoa taarifa yake mwezi wa Januari 2019, ilisema wazi kuwa kiasi cha maji kilichowekwa kilifuata siasa kuliko elimu, na kwamba Mamlaka ilikiuka sheria. Siku hizo hizo samaki kwa malaki walikuwa wakielea wamekufa Menindee, juu ya Darling. Na Machi 2023 wakafa tena hapo hapo, safari hii kwa mamilioni.

Kufikia 2023 ni sehemu ndogo tu ya zile lita bilioni 450 iliyokuwa imepatikana. Mwaka huo Bunge la Shirikisho likapitisha sheria kulegeza kufuli na kuiruhusu Serikali kununua maji kwa wakulima walio radhi kuuza. Muda wa kulipa deni ukasogezwa hadi mwisho wa 2027.