NENO LA SHAHIDI MBELE YA HAKIMU
Hotuba ya waalimu, Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, Dzaleka



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo hapa kambini husemwa kwa sauti ya chini. Mwanamke akibakwa, swali la kwanza mtaani ni hili: "Nani aliona?" Kwa kuwa hakuna aliyeona, wazee wanakaa, baba wa binti anapewa pesa, yamekwisha. Sisi waalimu tunabaki na mtoto darasani ambaye hasikii tena somo.

Zamani hata mahakama ziliuliza hivyo. Sheria iliyoletwa na Waingereza iliwataka mahakimu wajihadhari na neno la mwanamke peke yake. Aliyeibiwa kuku hakuwekewa sharti hilo! Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya Mukungu, ilisema ya kwamba huo ni ubaguzi. Ile ya Tanzania, katika kesi ya Selemani Makumba ya mwaka 2006, ilisema ushahidi wa kweli wa kubakwa hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe.

Hata hivyo neno hilo hupimwa. Mshtakiwa hana hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe pasipo shaka ya maana, na sisi tulioona watu wakiuawa bila kesi tusiidharau haki hiyo. Hakimu hutazama: alimweleza nani kwanza, na lini? Alimtambuaje mtu huyo gizani? Maelezo yake yanapatana? Daktari aliona nini? Kukosa jeraha si dalili ya kukubali.

Ndugu, hapo kwenye maelezo kupatana ndipo kesi zetu zinapoharibika. Tukumbuke Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, alipohukumiwa Jean-Paul Akayesu, mkuu wa komini ya Taba. Majaji hawakuwaita mashahidi waongo kwa sababu tu karatasi za wapelelezi zilitofautiana na waliyosema kizimbani. Walifikiria miaka iliyopita, uchungu, na tafsiri. Walichambua hata maneno ya Kinyarwanda: kuryamana, ambalo laweza kuwa kulala kitanda kimoja tu au tendo lenyewe, gufata ku ngufu, kuchukua kitu chochote kwa nguvu au kubaka.

Hapa kwetu mama anasema kwa Kibembe au Kirundi, mkalimani anaona haya, anamwambia askari "walilala pamoja", na hivyo ndivyo inavyoandikwa kwa Kiingereza. Siku ya kesi mama anasema alilazimishwa. Wakili wa upande wa pili anainua karatasi: mbona hukusema hivyo? Alisema! Ila hawezi kuisoma karatasi hiyo.

Na polisi wakizembea, nao huulizwa. Agosti 2020 Mahakama Kuu iliamuru wanawake wa Msundwe, huko Lilongwe, walipwe fidia. Walikuwa wamewalalamikia askari polisi kwa mambo ya Oktoba 2019, na upelelezi haukufanywa ipasavyo.

Basi, akina mama, hospitali iwe kabla ya saa 72 kupita, kwa ajili ya dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI. Nguo zisifuliwe. Kabla ya kuweka dole gumba, daini msomewe maelezo yenu kwa lugha yenu. Wakalimani, semeni lililosemwa, hata kama linawatia haya. Na Kamati, tunaomba mtafute wakalimani wa kike wa kila lugha ya hapa. Miongoni mwetu waalimu wapo walio tayari kuanza Jumatatu.