Uyoga wa Kula na Uyoga wa Dawa: Tuuze Tunachokijua

(Hotuba ya mratibu wa miradi ya dayosisi kwa kamati za maendeleo za sharika za Kinondoni na Temeke)



Baadhi ya vikundi vyetu vinavyolima uyoga wa mamama vimeomba mtaji wa kukausha na kusaga uyoga wa porini, ule mgumu kama ubao, unaong'aa, unaoota kwenye magogo na mashina ya miti. Kitaalamu unaitwa Ganoderma. Wauzaji husema unatibu kisukari, shinikizo la damu na saratani, na unga wake una bei kuliko mamama. Je, tutoe mtaji huo?

Tuseme kwanza sifa zake. Wachina wameutumia kama dawa kwa karne nyingi. Maabara zimeonyesha kwamba una antioksidanti, yaani viini vinavyokinga chembe hai za mwili zisiharibiwe. Lakini maabara si mwili wa mtu. Mwaka 2012 mapitio ya shirika la Cochrane yalikusanya tafiti 5 zenye wagonjwa wa saratani 373, na hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuufanya tiba ya kwanza ya ugonjwa huo. Mapitio mengine ya mwaka 2015 hayakuunga mkono kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa uyoga huu ili kushusha sukari na shinikizo la damu.

Hatari iko hapa. Mama mwenye uvimbe kwenye titi akinunua unga wetu kwa sababu umetoka kanisani, akachelewa kufika Taasisi ya Saratani Ocean Road, fedha tuliyopata itakuwa imemgharimu uhai wake.

Sasa tutazame mamama. Uyoga mbichi kwa sehemu kubwa ni maji, lakini ukikaushwa una protini nyingi kuliko mahindi, pamoja na madini ya potasiamu na vitamini za kundi B. Mamama nao una antioksidanti, hasa ergothioneini, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea na ambayo haiharibiki kirahisi kwa kupikwa. Ukikatwa vipande na kuanikwa juani, hutengeneza vitamini D. Unaota kwenye mabua na majani makavu ya migomba, ndani ya mifuko, katika banda dogo. Kwa mkazi wa Mbagala au Bunju asiye na shamba, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu:

1. Mtaji uelekezwe kwenye mbegu bora, mabanda na vichanja vya kukaushia mamama.

2. Lebo zetu ziseme "chakula". Neno "hutibu" lisiandikwe.

3. Kikundi kisiuze uyoga wa kuokota porini. Mwaka 2003 Härkönen, Niemelä na Mwasumbi walichapisha kitabu kuhusu uyoga wa Tanzania, na humo mna unaolika na wenye madhara pia. Kuna uyoga ambao sumu yake haiishi kwa kupikwa, na dalili huanza baada ya saa nyingi, ini likiwa tayari linaharibika.

Na mshirika mgonjwa akiuliza, tumwambie: kula uyoga, na dawa za hospitali usiziache.

Faida itakuwa ndogo kidogo, lakini atakayenunua kwetu atarudi kununua tena.