Mama Aliyekaa Mwambani
Somo: 2 Samweli 21:1–14

Kama Biblia iko karibu nawe, fungua 2 Samweli sura ya 21. Sura hii haisomwi mara nyingi Jumapili, maana inahuzunisha.

Vijana saba wa nyumba ya Sauli walitundikwa mlimani kwa ruhusa ya mfalme Daudi. Wawili kati yao walikuwa wana wa mama mmoja, Rispa binti Aya. Mama huyo hakuwa na askari wala mtu wa kumtetea. Alichukua gunia, akalitandika juu ya mwamba, akaketi. Mchana alifukuza ndege, usiku alifukuza wanyama wa mwitu. Alikaa tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha. Mfalme akapata habari. Mfalme yule yule aliyewatoa vijana wafe akainuka, akaikusanya mifupa yao, na ya Sauli na Yonathani, ikazikwa kwa heshima. Baada ya hayo, ndipo Mungu alipoyasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Rispa hakumrushia Daudi jiwe hata moja. Lakini hakukubali kwamba yaliyotendeka yalikuwa sawa, tena hakuondoka.

Sisi watu wa Bahati tunao kina Rispa wetu. Wazee wanaikumbuka miaka ile. Mwaka 1988 tulipiga kura kwa mlolongo, tukisimama nyuma ya picha za wagombea, na mahali pengine mwenye mlolongo mfupi ndiye aliyetangazwa mshindi. Waliosema neno walijikuta gerezani. Mmoja wao alikuwa Koigi wa Wamwere, aliyechaguliwa mbunge wa Nakuru Kaskazini mwaka 1979, na kushtakiwa kwa uhaini mwaka 1990. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja iliondolewa, lakini wafungwa hawakufunguliwa.

Basi tarehe 28 Februari 1992 kina mama wachache, wengi wao wazee, walikwenda Nairobi kwa Mwanasheria Mkuu, Amos Wako. Kati yao alikuwako Monica Wangu, mama yake Koigi. Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Walipeleka ombi kwamba wana wao 52 waachiliwe. Kisha wakaenda Uhuru Park, wakaketi kwenye nyasi, wakafunga chakula, wakaimba nyimbo za kanisani, wakangoja.

Watu wakaanza kuwajia. Mmoja akasimama akaeleza jinsi alivyoteswa na polisi, kisha mwingine, na mwingine tena. Mambo ambayo watu walikuwa wakiyanong'ona vitandani yakasemwa mchana mbele ya watu. Sisi tunaojua maana ya ushuhuda tunajua kwamba mtu akisimama kusema kweli, hofu ya jirani yake nayo hupungua.

Tarehe 3 Machi polisi walikuja na rungu na mabomu ya machozi. Profesa Maathai alipigwa akazimia, akapelekwa hospitali. Ndipo baadhi ya kina mama wale wazee walipovua nguo zao mbele ya askari. Kwa desturi ya kwao, hilo ni neno zito kuliko matusi yote: mama anamwambia kijana, mimi ndimi niliyekuzaa, nawe wanipiga?

Tuungame, wapenzi. Wengi wetu makanisani tuliona haya kulitaja jambo lile. Tukauogopa uchi wa mama kuliko rungu lililompiga.

Lakini kulikuwa na mlango uliofunguliwa. Katika kanisa kuu la All Saints, Provosti Peter Njenga aliwapokea. Wakakaa chini ya kanisa, si juma moja wala mawili, bali karibu mwaka mzima. Mwanzoni mwa mwaka 1993 wana 51 kati ya 52 walikuwa wameachiliwa, na Koigi mmoja wao.

Mtu atauliza: Je, Warumi 13 haituamuru kuitii mamlaka? Ndiyo. Lakini angalieni walivyofanya. Hawakusema kwamba serikali isiwepo. Waliiendea mlangoni na barua, mchana, wakitaja haki wanayoitaka. Walipopigwa, hawakupiga. Hawakujificha wala hawakukana. Aitiiye mamlaka halazimiki kuuita uovu wema.

Tena sisi wa Nakuru tumeiona njia ya pili. Januari 2008 vijana wa pande zote walishika panga na mishale, wakisema wanadai kura zao au wanalipa kisasi. Je, mkubwa gani aliumizwa na panga zile? Aliyeumia ni jirani, mwenye duka dogo na mwenye ng'ombe wawili, aliyekuwa akiteka maji nasi kwenye bomba moja. Jeuri ilipita kando ya wenye nguvu ikaingia nyumbani kwa wanyonge.

Njia ya Rispa ni ya polepole. Inataka mtu ajue neno moja analolidai, alitaje bila matusi, akae mpaka mvua inyeshe. Tena inataka watu wa kuketi pamoja naye, maana mama mmoja uwanjani ataondolewa usiku, na asubuhi hakuna ajuaye.

Hapo ndipo neno hili linapotugusa. Baada ya maandamano ya Juni 2024, wako wazazi katika nchi yetu waliowatafuta watoto wao katika vituo vya polisi na vyumba vya maiti. Mzazi wa namna hiyo akija kwetu Jumapili, tutamwambia nini? Tutamwambia kwamba kanisa haliingii siasa, kisha tuimbe wimbo unaofuata? Au mzee mmoja wa kanisa atavaa koti, aende naye kituoni, na kikundi cha akina mama kipike chai kimngoje arudi?

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwona Rispa juu ya mwamba, utuondolee panga mikononi na woga mioyoni. Utufundishe kuketi na wanaoketi kwa uchungu. Uwakumbushe watawala wetu kwamba nao walizaliwa na mama. Katika jina la Yesu. Amina.