Kikao cha Shule na Lugha za Wazazi Wetu



Tumeombwa tuzungumzie wazazi na shule. Sisi kazi yetu ni hesabu, kwa hiyo tunaanzia huko.

Msimu wa ufuta wazazi wetu hawana mchezo. Mnada ukiisha, viongozi wa AMCOS wanabanwa: bei ya mnada ilikuwa hii, mbona mkononi tunapata hii? Ushuru umekata ngapi, usafiri ngapi? Bibi ambaye hakumaliza darasa la nne anauliza kwa Kimatumbi, anajibiwa kwa Kimatumbi, na haondoki mpaka aelewe. Wazazi hao hao wakiitwa shuleni wanakaa nyuma. Wanasikia "ruzuku ya uendeshaji" na "mpango kazi", wanapiga makofi, wanarudi shambani. Pembeni wapo Wasukuma, wafugaji ambao baadhi yao walifika pande zetu baada ya kuondolewa Ihefu mwaka 2006. Mtu ana watoto wanne shuleni na hakuna anayemgeukia kumuuliza neno.

Hasara inaonekana kwenye chakula. Tangu Januari 2016 elimu ni bila ada, na serikali inapeleka ruzuku shuleni. Lakini sare, madaftari na chakula cha mchana cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Wengi nyumbani walipata neno moja tu, "bure". Mahindi yakiombwa, wanaona wanaibiwa. Hatuwalaumu. Sisi nasi tusingetoa kitu kwa jambo ambalo hatujaelezwa kwa lugha tunayogombana nayo nyumbani. Wakati huo mtoto ametoka kitongoji cha mbali alfajiri, na saa saba mchana kichwa kimelala kwenye dawati.

Wapo watakaosema Kimatumbi shuleni ni kurudi nyuma. Darasani Kiswahili kibaki. Tunasema habari ya kikao cha watu wazima. Mngindo na Mndengereko hawatapotea Kimatumbi kikisemwa taratibu. Kwa Kisukuma, asimame mzazi mmoja wao afasiri. Hilo halihitaji mchango wa mtu yeyote, ila mwenyekiti mwenye subira.

Kinachohitaji mchango ni jiko, sufuria kubwa mbili, na stoo ya mahindi yenye kufuli. Funguo tunapendekeza zishikwe na wazazi watatu, mmoja awe mfugaji, na mapato na matumizi yabandikwe ukutani na kusomwa kwa sauti. Kikao kisiitishwe ufuta ukiwa unavunwa, wala wakati watu wanalinda mashamba dhidi ya nguruwe. Ukiitisha wakati huo utawapata walimu na mtendaji peke yao.

Fomu ya ahadi ipo ukurasa wa mwisho. Mweka hazina atatoa stakabadhi kwa kila shilingi, na mahesabu yatasomwa kwanza Kinjumbi, kwa Kimatumbi, kabla hayajasomwa hapa Dar es Salaam.