NYAVU NA NDOANA: UGOMVI WA SALMONI KATIKA MTO KENAI



Katika mwezi wa Julai, mwaka wa 2023, samaki wekundu walipita kwa makundi makubwa mbele ya pwani ya mashariki ya Ghuba ya Cook, katika jimbo la Alaska, nchi ya Marekani. Kwenye pwani hiyo wako wavuvi wenye leseni za serikali, wenye mashua na nyavu, na wengine wao wana vibanda walivyoachiwa na baba zao. Lakini msimu huo walizuiwa wasitie nyavu zao majini. Samaki walipita mbele ya macho yao wakaingia mtoni, na huko mtoni watu wengine walikuwa wakiwavua kwa ndoana na kwa nyavu za mkono.

Mtu asiyeijua habari hii atauliza: Je, ni serikali gani hiyo imnyimayo mvuvi samaki walio wengi namna hiyo? Jibu lake si fupi. Lakini lafaa kusikilizwa kwa makini, maana lamhusu kila mtu apataye riziki yake katika kitu kisichokuwa mali yake peke yake.

Kwanza yafaa kumjua samaki mwenyewe. Samaki huyo huitwa salmoni. Watu wakaao karibu na mito ya baridi ya Mlima Kenya na Nyandarua wanamjua ndugu yake, yaani trauti, aliyeletwa Kenya kutoka Uingereza katika mwaka wa 1905. Salmoni huzaliwa mtoni, katika changarawe, penye maji matamu na ya baridi. Akiisha kupata nguvu huteremka baharini, hukaa huko miaka kadhaa akila na kunenepa, kisha hurudi. Wala harudi katika mto wo wote tu, bali hurudi katika mto ule ule aliozaliwa, akiongozwa na harufu ya maji yake. Hupanda mto akishindana na mkondo, hutaga mayai yake, na salmoni wa Bahari ya Pasifiki akiisha kutaga hufa. Kwa hiyo kila samaki avuliwaye kabla ya kutaga ni samaki mmoja na uzazi wake wote.

Katika Alaska wako salmoni wa aina tano, lakini ugomvi huu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni salmoni mwekundu. Huyu si mkubwa sana, lakini huja kwa mamia ya maelfu, na nyama yake hupendwa sana sokoni. Wa pili ni yule ambaye watu wa huko humwita mfalme. Mfalme ni mchache, lakini ukubwa wake ni wa ajabu. Katika mwaka wa 1985 mtu mmoja alivua kwa ndoana, katika Mto Kenai, mfalme mwenye uzito wa ratli 97 na wakia 4, na mpaka leo hakuna aliyemshinda mtu huyo kwa ndoana mahali po pote duniani.

Mto Kenai watoka katika ziwa la jina hilo hilo, nao wakata mwendo wa maili 82 mpaka Ghuba ya Cook. Wenyeji wake wa kale ni watu wa kabila la Dena'ina, ambao walivua hapo zamani sana, kabla Warusi hawajafika, na kabla Marekani haijainunua Alaska kwa Warusi katika mwaka wa 1867. Baadaye zilikuja biashara. Kiwanda cha kwanza cha kutia salmoni mikebeni katika ghuba hiyo kilijengwa Kasilof katika mwaka wa 1882. Tangu wakati huo watu wa pwani hutega nyavu zao ufukoni. Upande mmoja wa wavu hushikamana na nchi kavu au nanga, na upande wa pili huenda majini, na samaki apitaye kandokando ya pwani hunaswa kwa matamvua. Kazi hii ni ya jamaa nzima: baba, mama na watoto huvuta pamoja, kwa maana maji hujaa na kutoka kwa nguvu sana katika ghuba hiyo, wala hayamngojei mtu.

Alaska ilipofanywa jimbo kamili katika mwaka wa 1959, katiba yake ilisema ya kwamba samaki ni wa watu wote kwa matumizi ya watu wote, tena watumiwe kwa namna ambayo hawatakwisha. Lakini wavuvi wa biashara walizidi kuongezeka, na katika mwaka wa 1973 ilitungwa sheria ya kuweka kikomo cha leseni zao. Tangu hapo mtu atakaye kuvua kwa biashara hununua leseni kwa mwenye nayo, au huirithi. Basi leseni ikawa mali, kama shamba.

Wakati huo huo barabara ilikuwa imekwisha kuuunganisha mji wa Anchorage na Mto Kenai. Anchorage ndio mji mkubwa kupita yote katika Alaska, na leo una watu karibu 290,000. Watu wa mjini wakaja na ndoana zao. Wageni kutoka majimbo mengine na nchi za ng'ambo wakaja pia, kila mmoja akitamani kumpata mfalme wake. Wakatokea waongozaji wenye mashua za kukodi, zikajengwa hoteli na maduka ya vyombo vya kuvulia. Tena liko kundi la tatu. Nalo ni la wenyeji wa Alaska ambao, katika siku za Julai zilizowekwa na sheria, husimama mlangoni mwa mto na nyavu za mkono zenye mpini mrefu. Mwenye nyumba aruhusiwa samaki 25 kwa mwaka, na 10 zaidi kwa kila mtu wa jamaa yake. Hao si wa kuuza, ni chakula cha nyumbani.

Sasa sikilizeni madai ya kila upande, kwa maana hakuna upande usio na hoja.

Mvuvi wa pwani asema: "Mimi navua samaki wekundu, ambao ni wengi. Mfalme mmoja mmoja huingia wavuni mwangu kwa bahati mbaya, wala si yeye nimtafutaye. Leseni yangu niliinunua kwa fedha. Nikifungiwa msimu mmoja, deni langu halifungiwi. Tena wekundu wakizidi mno mtoni, watoto wao watakosa chakula ziwani, na hasara itarudi kwetu sote."

Mvuvi wa ndoana asema: "Wavu hauchagui. Mfalme akinaswa matamvua hufa, nawe huwezi kumrudisha majini. Mimi nikivua kwa ndoana naweza kumwachilia. Tena mfalme mmoja avuliwaye na mgeni huleta fedha nyingi kwa mwenye hoteli, mwenye mashua na mwenye duka, kuliko bei ya nyama yake sokoni."

Mwenye wavu wa mkono asema: "Katiba yasema samaki ni wetu sote. Mbona mtu wa mjini mwenye watoto asipate chakula cha majira ya baridi?"

Na watu wa Dena'ina, ambao walikuwako kabla ya hao wote, wameruhusiwa kutega wavu wao kila mwaka ili kuwafundisha watoto wao desturi ya mababu. Wao waweza kusema kwamba ugomvi huu wote ni wa wageni.

Siku samaki walipokuwa wengi, maneno hayo yalikuwa maneno tu. Lakini wafalme walianza kupungua, ndipo maneno yakawa vita ya sheria. Katika mwaka wa 2012 wafalme walikuja wachache sana, nyavu za pwani zikafungwa kwa sehemu kubwa ya msimu, na serikali kuu ya Marekani ikatangaza kwamba wavuvi wa Ghuba ya Cook wamepatwa na msiba wa uvuvi. Baadaye kundi la watu wakakusanya sahihi za raia, wakitaka kura ipigwe ili nyavu za kutega pwani zipigwe marufuku katika sehemu zilizo karibu na miji. Kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Alaska. Siku ya tarehe 31 Desemba, 2015, mahakama hiyo iliamua ya kwamba kura ya namna hiyo hairuhusiwi na katiba, maana ingekuwa ni kuwagawia samaki watu wa upande mmoja na kuwanyang'anya wa upande wa pili kwa wingi wa kura tu.

Basi kazi ya kugawa ikabaki kwa Baraza la Uvuvi, lenye wajumbe saba wachaguliwao na Gavana na kukubaliwa na Bunge la jimbo. Katika mwaka wa 2020 Baraza liliweka kanuni ya kwamba wafalme wakubwa wa msimu wa pili wasiopungua 15,000 sharti wafike kwenye mazalio yao. Samaki huhesabiwa kwa chombo kipelekacho sauti majini na kuupokea mwangwi wake. Watu wa serikali wakiona kwamba hesabu haitatimia, huzuia ndoana zisimguse mfalme, na nyavu za pwani nazo hufungwa. Ndivyo ilivyokuwa katika mwaka wa 2023. Mfalme alikuwa haba, hakuna aliyeruhusiwa kumvua. Mwekundu alikuwa tele, hata akakipita kiwango cha juu kilichotakiwa mtoni. Lakini kwa kuwa wavu wa pwani haumtengi huyu na yule, mwenye wavu alikosa wote wawili, na mwenye ndoana akaendelea na wekundu wake. Hapo ndipo palipo na uchungu. Wote wawili waliambiwa wajinyime, lakini mmoja alinyimwa mchezo wake bora, na mwingine alinyimwa mshahara wa mwaka.

Je, ni nani aliyewamaliza wafalme? Kila upande huunyoshea mwenzake kidole. Lakini tazameni Mto Yukon, ulio mbali kaskazini. Huko hakuna umati wa wageni wenye ndoana kama wa Kenai, na hata hivyo wafalme wamepungua vibaya, hata katika mwaka wa 2024 Alaska na Kanada zikakubaliana kuacha kuwavua kwa muda wa miaka saba. Basi yafaa kufikiri kwamba sababu si watu wa mto mmoja. Wataalamu wameona ya kwamba wafalme wanarudi wakiwa wadogo kuliko zamani na wenye umri mchache, na jike dogo hubeba mayai machache. Bahari nayo imepata joto. Kati ya mwaka wa 2014 na 2016 maji ya Pasifiki ya kaskazini yalikuwa na joto lisilo la kawaida. Tena meli kubwa zivuazo samaki wengine kwa nyavu za kukokota huko baharini hunasa salmoni pia. Basi wavuvi wa Kenai wanagombania chungu kinachopunguzwa na mikono mingine wasiyoiona.

Hata hivyo ukweli huo haumwondolei mtu wa Kenai wajibu wake. Samaki wakiwa 100, kosa la watu kumi halionekani. Wakiwa 10, kosa la mtu mmoja ni kubwa. Wala mtu hawezi kuiamuru bahari ipoe, lakini aweza kuuzuia wavu wake.

Katika mwaka wa 2024 jambo jipya lilianza. Baraza liliwaruhusu wavuvi wa pwani kutumia nyavu za mkono kwa biashara, badala ya nyavu za kutega, ili mfalme akiingia aweze kurudishwa majini angali hai. Wengi walisema kwamba kazi hiyo ni nzito na mapato yake ni madogo, na maneno yao yana haki. Kwa mtu aliyezoea kuvua maelfu kwa wavu mrefu, kusimama na wavu wa mpini ni kama mkulima kuambiwa auache ukulima wa plau ashike jembe la mkono. Lakini maana ya jaribio hilo ni kubwa kuliko mapato ya msimu mmoja. Kwa miaka mingi watu waliuliza, "Ni nani aondoke?" Jaribio hili lauliza swali jingine: "Ni chombo gani kitamwezesha kila mtu kubaki?" Swali la kwanza huleta mawakili. La pili huleta mafundi.

Haijulikani kama jaribio hilo litafaulu, na huenda wengine wakaziuza leseni zao kabla ya jibu kupatikana. Lakini jambo moja limekwisha kuonekana. Katika miaka ile ya shangwe, wakati mfalme wa ratli 97 alipopigwa picha, kila kundi lilidai haki yake kwa samaki waliokuwako. Leo yawapasa kulinda samaki ambao bado hawajazaliwa, na hao hawana leseni, hawana wakili, wala hawapigi kura.

Wazee walisema kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Katika Mto Kenai fahali wenyewe wamekuja kugundua ya kwamba nyasi ndizo chakula chao. Heri mtu ayajuaye hayo mapema, akae na jirani yake kando ya maji yao, wahesabu samaki pamoja kabla hawajaanza kuhesabiana makosa.