Kueleza kwa Maneno Mengine: Uaminifu wa Maana katika Matini za Kiingereza



Katika masomo ya Kiingereza, mwanafunzi huagizwa mara kwa mara aieleze aya ya mwandishi kwa maneno mengine. Agizo hilo huonekana jepesi, na ndiyo sababu hutekelezwa vibaya. Wengi hufungua kamusi, wakaondoa neno hili na kuweka lile, huku muundo wa sentensi ukibaki ule ule. Zao la kazi hiyo ni nakala iliyobadilishwa nguo.

Dhana yenyewe yafaa ipambanuliwe. Nukuu hurudia maneno ya mwandishi yalivyo. Muhtasari huchuja hoja kuu na kuacha mengine. Uelezaji upya huichukua maana yote pamoja na uzito wake, ukaisema kwa muundo mwingine. Kwa hiyo urefu wake aghalabu hukaribiana na wa matini asilia. John Dryden, katika dibaji ya mwaka 1680 ya tafsiri za nyaraka za Ovid, aliuweka katikati ya njia tatu za kutafsiri: upande mmoja kufuata neno kwa neno, upande wa pili uigaji ulio huru. Njia hiyo ya kati hufuata maana kuliko maneno, lakini haimwachi mwandishi akapotea.

Ugumu umo katika uzito huo. "Cheap" na "inexpensive" hukaa pamoja katika orodha za visawe, lakini la kwanza laweza kubeba dharau kwa kitu duni. La pili halina dharau hiyo. Vivyo hivyo, mwandishi akitumia "may" kusema kwamba dawa fulani huenda ikadhuru, na mwanafunzi akaandika kwamba inadhuru, dai limegeuka. Mwandishi amesingiziwa jambo asilolisema.

Aidha, kubadili maneno hakuhamishi umiliki wa wazo. Charles na Mary Lamb walipozisimulia upya tamthilia za Shakespeare kwa nathari mwaka 1807, jina la Shakespeare lilibaki katika anwani ya kitabu. La Mary, aliyeandika sehemu kubwa ya hadithi hizo, halikuwamo katika toleo la kwanza.

Uelezaji upya una mpaka pia. Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili, waliozoea kuandika ubeti kwa lugha tutumbi, wanalijua jambo hili: vina na mizani huondoka, ujumbe ukabaki peke yake. Mhakiki wa Marekani, Cleanth Brooks, mwaka 1947 aliita uzushi ile imani kwamba maelezo ya namna hiyo ndiyo shairi lenyewe.

Njia iliyo salama ni kusoma hadi kuelewa, kuifunika matini, kuandika kutokana na ufahamu, kisha kuifunua na kulinganisha, na hatimaye kumtaja mwenye hoja. Anayeshindwa kuandika baada ya kuifunika bado hajaielewa. Na arejee kuisoma.